Mlango Unafunguka Kutoka Nje Pekee: Historia ya Kitasa cha Gari na Mafundi wa Grogan

Kama umeishi Nairobi hii zaidi ya mwezi, ushawahi kuambiwa hivi: "Ngoja kidogo, huo mlango hufunguka kutoka nje pekee." Labda ulikuwa kwa teksi ya zamani pale Odeon, ama kwa Probox ya kuelekea Kikuyu. Dere anashuka, anazunguka gari, anakufungulia kama wewe ni waziri. Ama anatoa mkono dirishani, anashika hendeli ya nje na kujifungulia mwenyewe. Sisi hucheka tu na kuendelea na maisha.

Mimi nimekuja kuamini kwamba hiyo sentensi moja imebeba historia ya hili jiji kuliko vitabu vingi tulivyosoma shule. Ndani ya huo mlango kuna reli, kuna ukoloni, kuna Wahindi waliofukuziwa leseni, kuna Safari Rally, kuna rais aliyetaka gari la Kenya, na kuna kijana fulani aliyeanza kwa kushikilia spana akaishia kuwa na gereji. Leo nataka tuufungue huo mlango pole pole, skrubu baada ya skrubu.

Kwanza, ndani ya mlango kuna nini?

Watu wengi hudhani kitasa cha gari ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu vinavyoongea.

Cha kwanza ni silinda, pale unapoingiza ufunguo. Ndani yake kuna vijibamba vidogo vya chuma, kila kimoja na springi yake. Bila ufunguo, vijibamba vinachomoza na kushika ukuta wa silinda, haizunguki. Ukiingiza ufunguo wake halisi, yale meno yanavipanga vijibamba vyote vikae sawa, silinda inazunguka. Wazo la kufungua kwa kupanga vipande vidogo ni la zamani sana. Wamisri wa kale walikuwa na vitasa vya mbao vinavyotumia akili hiyo hiyo, na Mmarekani Linus Yale Jr. akaifanya iwe ya chuma na ufunguo mdogo bapa miaka ya 1860. Ule ufunguo ulio mfukoni mwako ni mjukuu wa kazi yake.

Cha pili ni kile chuma kwenye ukingo wa mlango, chenye umbo la kucha. Ukifunga mlango, kucha inazunguka na kukumbatia chuma kilichofungwa kwenye nguzo ya gari. Kisha kuna kijino kinachoizuia kucha isirudi. Ukivuta hendeli, unainua kile kijino tu, basi kucha inaachilia. Ndiyo maana mlango wa gari ukifungwa vibaya hushika kidogo lakini unaning'inia. Kucha ina hatua mbili, na umefika ya kwanza tu.

Cha tatu ni vyuma vyembamba, rodi, vinavyounganisha hendeli ya nje, hendeli ya ndani, silinda na ile kucha. Kila rodi imeshikwa na klipu ndogo ya plastiki, saizi ya ukucha wa kidole kidogo.

Sasa unaelewa mlango wa teksi. Mara nyingi kucha ni nzima na silinda ni nzima. Kilichokufa ni klipu moja ya plastiki, ama waya wa hendeli ya ndani umekatika. Kitu kidogo, lakini abiria amefungiwa ndani, na gari likishika moto ama likianguka mtaroni, hicho kitu kidogo ndicho kinaamua nani anatoka.

Hii si maneno ya kuogofya watu. Magari ya mwanzo yalikuwa na vitasa dhaifu hadi milango ilikuwa ikifunguka yenyewe kwenye ajali na watu kurushwa nje. Ford walianza kuuza kitasa salama kama sehemu ya matangazo yao mwaka 1956, na Marekani ikaweka sheria ya nguvu za vitasa vya milango kuanzia 1968. Kwa hivyo kile chuma ambacho dere anakipuuza, watu walikufa ndiyo kikatengenezwa vile kilivyo.

Barabara yenye majina mawili

Ukitaka kutengeneza kitasa cha gari la zamani tao, utaelekezwa Kirinyaga Road. Lakini hakuna mtu husema Kirinyaga Road. Tunasema Grogan. "Enda Grogan, uliza yule wa vioo." Mafundi wenyewe, wengi wao wamezaliwa miaka mingi baada ya uhuru, wanasema Grogan.

Grogan ni nani? Ewart Grogan alikuwa mlowezi Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19. Kuna jambo lingine alilofanya ambalo mtaani hatulisikii. Machi 1907, mbele ya korti ya Nairobi, mbele ya watu, Grogan na wenzake waliwachapa viboko Wakikuyu watatu. Kosa lao? Walikuwa wavuta riksho, na ilidaiwa wamewakosea heshima wanawake wazungu waliokuwa wamewabeba. Grogan alifungwa mwezi mmoja.

Hebu fikiria hiyo picha. Wale waliochapwa walikuwa watu wa usafiri. Walibeba watu Nairobi kabla magari hayajajaa. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, barabara iliyopewa jina la aliyewachapa imejaa Waafrika wanaoishi kwa usafiri: wauza spea, wachomeleaji, mafundi wa breki, wachonga funguo. Jina rasmi limebadilishwa, la zamani limekataa kutoka mdomoni. Sijui kama tunamkumbuka ama tumemnyang'anya tu. Mimi naona tumemnyang'anya.

Ujuzi wenyewe ulitoka wapi?

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na mji wa reli ni mji wa karakana. Waingereza walileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India kujenga ile reli, na wengi wa mafundi wa chuma na mbao katika mji huu mchanga walikuwa Wahindi, hasa Masingasinga. Magari yalipokuja, waliyajua. Gereji za River Road na Grogan zilikuwa zao.

Mwafrika aliingia gereji kwa mlango wa nyuma. Aliosha vyuma kwa petroli, alishikilia tochi, alitumwa spana namba kumi na saba. Ndiyo asili ya lile jina "spana boi". Hakuna aliyemfundisha kwa ubao na chaki. Alifunzwa na macho. Msomi Kenneth King, kwenye kitabu chake cha 1977 kuhusu fundi Mwafrika, alifuatilia venye ujuzi ulihama kutoka karakana za Wahindi hadi kwa vijana waliokuwa wasaidizi tu, halafu kutoka kwa hao hadi kwa wengine kando ya barabara.

Uhamaji huo uliharakishwa na siasa. Baada ya uhuru, Trade Licensing Act ya 1967 iliwabana wafanyabiashara wasiokuwa raia, na Wahindi wengi wakaondoka miaka ile. Gereji zikabadilisha mikono, zana zikauzwa. Aliyekuwa spana boi akajikuta ndiye anajua gari kuliko mwenye gereji mpya. Tukisema historia hii vizuri lazima tukubali pande zote mbili: familia zilipoteza maisha waliyojenga hapa, na wengine walipata nafasi waliyonyimwa muda mrefu.

Na kuna mtu mmoja anayekaa katikati ya hadithi hii. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho 1932, alikuwa makanika kabla ya kuwa jina kubwa. Alishinda Safari Rally 1965 na ndugu yake Jaswant, wakiendesha Volvo iliyokuwa imeshatumika. Akashinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi. Watu humkumbuka kama dereva. Mimi humkumbuka kama fundi aliyeendesha, mtu ambaye gari likilia alijua ni nini kinalia.

Zama za Pijo

Uliza mzee yeyote wa zaidi ya miaka hamsini kuhusu Peugeot 504 halafu ukae chini, kwa sababu hutoki hapo haraka. Pijo, kama wanavyoiita, ilizinduliwa Ufaransa 1968. Ilishinda Safari Rally 1975 na 1978. Hapa kwetu iliunganishwa Mombasa, kwenye kiwanda cha AVA. Ilikuwa gari la mwalimu mkuu, la daktari, la mkuu wa wilaya. Ile stesheni wagoni yake ilikuwa matatu ya safari ndefu, watu wakijazana kuelekea Nakuru na kwingineko, hasa baada ya Mzee Kenyatta kuruhusu matatu zifanye kazi bila leseni ya TLB mwaka 1973.

Kwa nini naongea kuhusu Pijo kwenye hadithi ya kitasa? Kwa sababu gari linalofanya kazi ya matatu linafunguliwa mlango mara nyingi kuliko gari lolote la nyumbani. Abiria anabamiza. Makanga anabamiza zaidi. Vumbi la barabara za udongo linaingia kupitia mpira wa kioo, linachanganyika na grisi, linakuwa kama msasa. Maji ya mvua yanashuka ndani ya mlango, na yale matundu madogo ya chini ya kutolea maji yakizibwa na tope, mlango unaoza kutoka ndani kwenda nje. Mhandisi wa Ufaransa alichora kitasa cha Ufaransa. Barabara zetu zikakichora upya.

Spea za Ufaransa zilikuwa bei. Ndiyo fundi wa Grogan akaanza kufanya kile ambacho kiwanda hakikukipanga. Rodi imepotea? Anakunja spoki ya baiskeli. Springi imechoka? Anatafuta ya mashine nyingine, anaikata. Klipu imevunjika? Anachoma plastiki, ama anazungushia waya mara tatu. Ukidharau hiyo kazi, kumbuka kwamba kukunja spoki ili ifanye kazi ya rodi lazima ujue urefu wake kamili. Ikiwa fupi kidogo, mlango haufungwi. Ikiwa ndefu kidogo, mlango haufunguki. Hayo ni mahesabu, isipokuwa tu hayakuandikwa.

Jina linakuja: jua kali

Mwaka 1972 shirika la kazi duniani, ILO, lilileta wataalamu Kenya. Ripoti yao ilisema jambo lililoshangaza wakubwa: wale watu wanaofanya kazi nje, bila leseni, wanaofukuzwa na askari wa jiji, si wavivu wala si uchafu wa mji. Wanazalisha, wanafunza vijana, wanatumia mali chache kufanya mengi. Ripoti hiyo ya Kenya ndiyo ilisaidia kueneza duniani wazo la "sekta isiyo rasmi". Yaani dunia nzima ilijifunza neno hilo ikiangalia watu wetu.

Sisi tuna neno letu tamu zaidi. Jua kali. Mtu anayefanya kazi juani kwa sababu hana paa. Mwaka 1985 Rais Moi alienda Kamukunji kuwaona mafundi, akaahidi vibanda vya kuwakinga jua. Mwaka huo huo mfumo wa 8-4-4 ulianza, na watoto wakaambiwa wajifunze useremala na kazi za chuma shuleni. Mwaka 1992 serikali ikaandika sera rasmi ya biashara ndogo na jua kali.

Lakini mkono uliotoa paa ndio ule ule uliobomoa. Mei 1990, serikali hiyo hiyo ilivunja Muoroto, kijiji cha vibanda karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, na watu wakapigana na askari. Hii ndiyo tabia ya serikali kwa jua kali tangu zamani. Hotuba asubuhi, tingatinga usiku.

Na kuna kitu kingine cha 1990 lazima nikitaje. Moi alikuwa ameomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata kama litakuwa baya na la polepole. Nyayo Pioneer ikazinduliwa Kasarani mwaka huo wa 1990. Yalikuwa magari machache tu ya majaribio, na halikuwahi kufika sokoni. Sicheki mradi huo, waliojaribu walikuwa na akili na moyo. Ninachosema ni hiki: siku lile gari linapigiwa makofi Kasarani, kilomita chache kutoka pale, kando ya mto Nairobi, watu walikuwa tayari wanatengeneza sehemu za magari kwa nyundo, na hakuna aliyewaalika jukwaani.

Japani inafika, na kitasa kinabadilika

Miaka ya 1990 soko lilifunguliwa na magari yaliyotumika Japani yakamwagika. Viwanda vyetu vya kuunganisha magari vikaumia. Pijo ikaanza kuzeeka barabarani. Sheria za Michuki zilipoanza Februari 2004, na mikanda na vidhibiti mwendo vyake, zama za Pijo za safari ndefu zilikuwa zinaisha.

Mtaani magari ya Japani yakapata majina ya namba: Toyota 100, Toyota 110. Kitasa chake kilikuwa na kitu kipya kwa wengi. Kimota kidogo cha umeme kinachofunga milango yote kwa mpigo mmoja. Hilo lilikuja wakati mzuri, kwa sababu ndiyo miaka jiji letu lilibatizwa "Nairobbery". Sote tulilelewa na amri ya "funga mlango, tumefika tao". Mlango usiofunga ulikuwa hatari. Mlango usiofunguka ulikuwa hatari vilevile. Fundi wa kitasa akawa kama daktari wa hofu zetu.

Mjomba wangu ana Toyota 110 mpaka leo. Mlango wa dere uligoma: ufunguo unazunguka bure, hendeli ya nje inavutika kama mpira uliochoka. Dukani waliambia mjomba anunue kitasa chote. Tukaipeleka kwa fundi mmoja wa Kangemi, chini kidogo ya Waiyaki Way, na mimi nikaenda na simu yangu nirekodi. Nataka niandike alichofanya, kwa sababu hii ndiyo aina ya historia ambayo hupotea.

Kwanza hakufungua kitu. Alifungua mlango ukiwa wazi, akasukuma ile kucha kwa bisibisi mpaka ikashika, kana kwamba mlango umefungwa. Kisha akavuta hendeli ya ndani. Kucha ikaachilia. Akarudia na hendeli ya nje. Kimya. "Kitasa ni kizima," akasema. "Kilichokatika ni mawasiliano." Ndani ya dakika moja alikuwa amejua si lazima mjomba anunue kitasa. Na ona pia kwa nini anajaribu mlango ukiwa wazi: ukifanya hivyo ukiwa umefungwa na kitu kikwame, umejifungia kazi.

Pili, kile kizungushio cha kioo. Kimeshikwa na klipu ya waya usiyoiona. Alichukua kitambaa cha zamani, akakipitisha nyuma ya kizungushio, akakivuta kushoto kulia kama mtu anayepiga viatu rangi, klipu ikaruka. Alikuwa ameshaweka kiganja hapo kuidaka. Halafu skrubu ya hendeli ya ndani, skrubu za kishikio cha mkono, na ubao wote wa mlango ukatoka kwa kuvutwa pole pole kwenye kingo.

Tatu, nyuma ya ubao kulikuwa na karatasi ya nailoni. Aliibandua taratibu bila kuirarua. "Wengi huitupa hii," aliniambia, "halafu mvua ikinyesha wanashangaa kwa nini ubao umevimba na vyuma vimeshika kutu." Kumbe ile nailoni ndiyo mwavuli wa ndani.

Nne, tukaona. Rodi mbili zilikuwa zinaning'inia. Klipu zake za plastiki zilikuwa zimekauka kwa miaka ya jua na kupasuka. Alikuwa na mkebe wa klipu alizokusanya kutoka milango ya magari yaliyokufa. Akachagua, akajaribu, akarudisha rodi, akazungusha kile kinati cha kurekebisha urefu nusu mzunguko. Akajaribu tena mlango ukiwa wazi mara kumi. Aliihesabu.

Tano, ufunguo. Aliushika juani akasema meno yamelala. Ufunguo wa miaka ishirini na zaidi umekula, na ukichonga mwingine kwa kunakili huo, unanakili ugonjwa. Akaniambia vitasa vya milango ya abiria huwa vimechoka kidogo kwa sababu havitumiki sana, kwa hivyo mchonga funguo mzuri atapima huko, si kwa ufunguo uliozeeka. Halafu mjomba akataka kupulizia oili ndani ya silinda. Fundi akamkataza. Oili inakamata vumbi, vumbi linakuwa matope. Akatoa penseli, akapaka risasi yake kwenye ufunguo, akaingiza na kutoa mara kadhaa. Unga wa penseli ni mkavu na unateleza. Gharama yake ni penseli.

Nilimuuliza alisomea wapi. Alisema alifunzwa na mzee wa Grogan aliyekuwa ameanza kwa gereji ya Mhindi. Pale ndipo nilielewa ninachoandika. Historia yote niliyowapa hapo juu, reli, Singasinga, spana boi, Pijo, ilikuwa imesimama mbele yangu Kangemi ikiwa na penseli mkononi.

Kwa nini hii inanihusu, na inakuhusu

Mimi niliacha chuo. Sitaki kuifanya iwe stori kubwa, lakini nikisema nimeacha chuo watu hunitazama kama mtu asiyejua kitu. Sasa fikiria mtu ambaye amejua kitu kwa miaka thelathini na bado anatazamwa hivyo. Zaidi ya asilimia 80 ya watu wenye kazi nje ya kilimo kidogo Kenya wako kwenye sekta isiyo rasmi. Nchi hii inaendeshwa na watu ambao kwenye karatasi hawajui chochote.

Kuna mitihani ya NITA, Grade Three hadi Grade One, na siku hizi kuna mpango wa RPL wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila darasa. Ni hatua nzuri na natamani kila fundi aipate. Lakini cheti hakiwezi kumkinga fundi ambaye hana mahali pa kusimama. Ngong Road ilipopanuliwa, waliokuwa kando walisogezwa. Expressway ya kilomita 27 ilifunguliwa 2022, inaanguka huku Westlands, na waliokuwa njiani mwake walihama. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliamuru watu waondoke kando ya mito. Sisemi mto uachwe uchafuliwe. Oili ya gereji ikimwagwa mto Nairobi ni ngori kwa watu wote wanaoishi chini yake, na mafundi wanalijua hilo. Nasema kila tunapopanga jiji, swali la "hawa wataenda wapi" huulizwa mwisho, ama haliulizwi.

Fundi akihama, hahami peke yake. Grogan ni mtandao. Mtu wa kitasa anategemea mtu wa kioo, ambaye anategemea mtu wa kuchomelea, ambaye anategemea yule wa kuuza klipu kwa mikebe. Ukiwatawanya hadi pembe nne za jiji, kila mmoja anabaki na robo ya ujuzi. Na kijana wa kushikilia tochi hapati pa kusimama kutazama.

Kuna anayesema hii kazi inakufa hata hivyo, ju magari mapya hayana ufunguo wa meno. Ulaya ililazimisha magari mapya yawe na kizuizi cha kielektroniki cha wizi kuanzia 1998, na sasa ufunguo ni chipu inayoongea na kompyuta ya gari. Ni kweli. Lakini tembea tao leo utaona vijana wenye laptopu kwenye vibanda vidogo wakiprogramu funguo hizo hizo. Hakuna aliyewaletea kitabu cha kiwanda. Walifanya kile kile alichofanya spana boi: walitazama mpaka wakaelewa. Na ndani ya mlango, hata wa gari la mwaka juzi, bado kuna kucha, bado kuna rodi ama waya, na bado kuna klipu ya plastiki inayosubiri jua limalize kazi.

Lugha yetu yenyewe ina kitu hapa. Kwa Kiingereza, jina la ufunguo halisemi unafanya nini. Kwa Kiswahili limetoka kwa kufungua. Hatukuuita kifaa cha kufungia, ingawa unafunga pia.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Wiki hii ukienda gereji, iwe Grogan, Dagoretti Corner ama Kawangware, usikae kwa simu ukingoja. Simama pale, tazama, uliza ile kitu inaitwa nini na kwa nini imekatika. Muulize fundi alifunzwa na nani. Akikujibu, muulize huyo naye alifunzwa na nani. Andika majina yote mahali. Ukifika jina la tatu ama la nne, utakuwa umeandika ukurasa wa historia ya Nairobi ambao haupo kwenye maktaba yoyote.